MGB ya 1971: indiketa huganda nikikanyaga breki

Swali: Fundi, salamu kutoka Kisumu. Nina MGB ya 1971, lile gari dogo la michezo la Kiingereza. Indiketa zinapepesa vizuri, ila nikikanyaga breki zinaganda. Nikipandisha kuelekea Kericho mvua ikinyesha, waipa zinajikokota na geji ya mafuta inashuka. Nimebadilisha flasha (kifaa kinachozipepesa indiketa) na bulbu zote, betri ni mpya. Fyuzi ilikuwa ikipata moto na kukatika, fundi wa waya akaizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Testa, ile taa ndogo ya kupimia umeme, inawaka kila ninapoigusisha. Tatizo liko wapi?

Jibu: Hiyo karatasi itoe leo, kabla hujasoma zaidi. Fyuzi ikizuiwa kukatika, waya ndio utakaoungua, na waya huo umefungwa pamoja na wenzake wote nyuma ya dashibodi.

Sasa tazama dalili zako. Indiketa, taa za breki, waipa na geji ya mafuta vyote hupata umeme kupitia nyaya za kijani, na nyaya hizo hutoka kwenye fyuzi moja. Rangi za nyaya za Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya, ukizijua umemaliza nusu ya kazi: kahawia ni umeme wa betri moja kwa moja, bila fyuzi; nyeupe hupata umeme ukifungua swichi ya ufunguo, nayo haina fyuzi; kijani ni nyeupe iliyokwisha kupita kwenye fyuzi; nyeusi ni bodi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri.

Testa haiwezi kukuonyesha ubovu huu. Bulbu yake hunyonya mkondo mdogo mno, hivyo hata kiungo kilichojaa kutu huipitishia. Indiketa za upande mmoja ni bulbu mbili za wati 21, yaani ampia 3.5 hivi. Kanyaga breki, zinaongezeka 3.5 nyingine. Kwa ampia 7, kiungo chenye ukinzani wa omu 0.3 tu hula volti 2 na kutoa joto la karibu wati 15 mahali padogo kama kucha. Ndiyo maana fyuzi inapata moto. Flasha ya zamani nayo hufanya kazi kwa joto la mkondo unaoipitia; mkondo ukipungua, inaganda hata ikiwa mpya kutoka dukani.

Kwa hiyo pima volti zinazopotea, vyombo vikiwa kazini. Weka multimita kwenye volti 20 za DC. Fungua swichi bila kuwasha injini, washa indiketa na waipa, na mtu akanyage breki. Gusa ncha moja upande wa nyeupe wa fyuzi na nyingine upande wa kijani, kwenye vile vipini vya bapa vinavyochomekwa waya. Isomeke chini ya 0.1. Ikifika 0.2 au zaidi, kosa liko hapo.

Usikimbilie msasa bado. Pima kutoka kofia ya fyuzi hadi kibanio chake, kisha kutoka kibanio hadi kipini. Volti zikipotelea hapa pa pili, kutu imeingia kwenye ribiti iliyo chini ya kibanio, na utasugua vibanio mpaka Krismasi bila faida. Boksi hilo libadilishwe.

Kisha pima kati ya kahawia na nyeupe, zote zikiwa hapo hapo kwenye boksi. Hivyo unapima swichi ya ufunguo bila kufungua dashibodi. Zaidi ya 0.5, swichi au viungo vyake vimechoka. Watu wengi hapa huongeza relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme. Relei ni kitu kizuri, lakini ukiifunga juu ya kutu umeficha kosa tu.

Malizia bodi: ncha moja kwenye waya mweusi wa taa ya nyuma, nyingine kwenye hasi ya betri, breki imekanyagwa. Zaidi ya 0.2, fungua viungo vya nyaya vyenye umbo la risasi ya bunduki ndani ya buti na boliti ya nyaya nyeusi. Unyevu wa ziwa hupenda sana mipira ya viungo hivyo. Kama gari bado lina betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, kagua pia kebo inayoziunganisha.

Kabla ya kusafisha, chomoa hasi ya betri. Msasa laini, dawa ya kontakti, halafu mafuta ya mgando kidogo. Geji ikipanda kupita kiasi baadaye, kaza bodi ya kidhibiti cha volti 10 kilicho nyuma ya dashibodi.

Kuhusu fyuzi mpya: ya Lucas iliyoandikwa 35 hukatika kwenye ampia 35, lakini hubeba 17 tu mfululizo. Ya kioo ya Kimarekani iliyoandikwa 35 hubeba karibu zote hizo bila kukatika. Ukikosa ya Lucas kwenye maduka ya spea, chukua ya Kimarekani ya 15, au 20 isizidi.