Je, protini zinaweza kuchukua nafasi ya jeni katika kugeuza seli?

SWALI: Nimesoma kwamba seli ya ngozi hurudishwa katika hali ya seli shina, yaani seli inayoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, kwa kupandikizwa jeni nne kwa kutumia virusi. Ikiwa kazi ya jeni hizo ni kuagiza protini zitengenezwe, kwa nini zisiingizwe protini zenyewe?

JIBU: Jambo hilo limekwisha kujaribiwa, na likafaulu, japo kwa taabu. Mwaka 2006 watafiti wa Japani Kazutoshi Takahashi na Shinya Yamanaka walipogeuza seli za panya kwa jeni za Oct4, Sox2, Klf4 na c-Myc, walitumia virusi vinavyojichomeka katika DNA ya seli, na kuna hatari ya kuvuruga jeni zilizo jirani. Isitoshe, c-Myc ni mchochezi wa saratani anayejulikana. Protini haiachi kitu katika DNA, kwani ikishatumika seli huivunjavunja.

Lakini protini ni molekuli kubwa, na haipenyi utando wa seli hivi hivi. Mwaka 2009 watafiti waliziunganisha protini hizo nne na mkia wa arjinini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini: arjinini 11 kwa seli za panya na 9 kwa seli za binadamu. Arjinini ina chaji chanya, hivyo hunasa kwenye uso wa seli wenye chaji hasi, na seli ikaimeza protini pamoja na mkia wake.

Kumezwa, hata hivyo, si kuingia. Protini hubaki ndani ya kifuko, na kifuko hicho husafirishwa hadi mahali pa kumeng'enyea, isipokuwa ile kiasi kidogo inayochoropoka na kufika kwenye kiini, iliko DNA. Ukiipaka protini rangi inayong'aa, hadubini itakuonyesha seli iliyojaa vidoa vya mwanga na unaweza kushangilia bure, maana vidoa hivyo ni vifuko. Mwanga wa kutafuta ni ule uliotandaa ndani ya kiini.

Ndiyo maana dozi ilibidi irudiwe tena na tena, na kwa seli za binadamu kazi ilichukua takribani wiki 8, ikafaulu kwa seli moja hivi katika 100,000. Kwa kazi hii mimi ningechagua RNA mjumbe, yaani nakala ya maagizo ya jeni, ambayo nayo haijichomeki katika DNA, na seli hujitengenezea protini iliyokunjwa sawasawa. Protini yenyewe imepata nafasi nzuri zaidi katika uhariri wa jeni: Cas9, protini inayotumika kama mkasi wa DNA, huingizwa kwa mshtuko mfupi wa umeme unaotoboa utando kwa muda, hukata DNA, kisha hutoweka.