Jibu: Tundu la moshi la kiko kutokea pembeni

Ndugu, umesema unatengeneza kiko cha mbao, na biti (kekee) ya mm 4 ya kutoboa njia ya moshi inaingia sawa lakini inatokea upande mmoja wa bakuli, yaani shimo la kutilia tumbaku. Sababu ni kwamba biti ndefu na nyembamba hupinda, hufuata nyuzi za mbao, na unga wa mbao ukijaa kwenye mifereji yake, biti husukumwa pembeni zaidi.

Toboa gogo likiwa bado la mraba. Ukishalichonga umbo, jiliwa (kibanio cha mezani) haina pa kulishika. Zungusha mstari wa katikati kwa skwea (kipimo cha pembe mraba) kwenye nyuso zote, kisha chora ubavuni bakuli na njia ya moshi kwa vipimo halisi. Bakuli la kipenyo cha mm 20 kwa kina cha mm 40 linatosha, na chini yake ibaki mbao ya mm 8 au zaidi.

Anza na bakuli. Kisha tundu la kuchomekea shina (kipande cha kuvutia mdomoni), mm 8 kwa kina cha mm 20, na bila kulegeza jiliwa badilisha biti uendelee na mm 4. Hapa ndipo wengi huharibu: wanafungua, wanafunga upya, na mhimili umeshahama. Tumia kwanza biti fupi, ndefu imalizie. Itoe kila mm 5 uipanguse, na usiikandamize.

Tundu likitokea chini kidogo ya sakafu ya bakuli, ongeza kina cha bakuli. Likiwa juu, tumbaku ya chini hubaki mbichi na majimaji. Jaza sakafu kwa tope la majivu ya sigaa (sigara nene ya majani ya tumbaku, si ya karatasi) na maji, likauke kabisa kabla ya kuvuta. Likihama pembeni zaidi ya mm 2, anza gogo jingine.