Jibu: Binti wa miaka 16 na tatuu, saini ya mzazi inatosha?

Habari dada. Unauliza kama ukisaini, binti yako wa miaka 16 anaweza kuchorwa tatuu hapo Cardiff, Wales, na kama kutoboa ulimi nako ni vivyo hivyo.

Tatuu, hapana. Sheria ya mwaka 1969 inakataza kumchora aliye chini ya miaka 18 England, Wales na Scotland, na ridhaa ya mzazi haibadilishi kitu. Anayeshtakiwa ni mchoraji, ndiyo maana duka makini hudai kitambulisho kwanza. Ukikuta fundi anakwambia "mama saini tu hapa", ondokeni. Mtu wa hivyo hata sindano zake siziamini.

Kutoboa ndiko kwenye mkanganyiko. Wales, tangu Februari 2018, ulimi umewekwa kundi moja na chuchu na sehemu za siri: chini ya 18 marufuku. Atakwambia rafiki yake kafanyiwa Bristol, na huenda ni kweli, maana England haina sheria hiyo ya ulimi.

Kipini cha pua hakimo kwenye orodha ya Wales. Wangu nilimpeleka kwa hicho. Walimhoji yeye kwanza, mimi baadaye, kisha wakatupa karatasi ya maelekezo ya kusafisha kwa maji ya chumvi. Piga simu dukani uulize masharti yao kabla hujamwahidi.