Kumwandika Rush Limbaugh kwa Kiswahili: anza na dakika za matangazo

Makala nyingi za Kiswahili juu ya Rush Limbaugh, mtangazaji wa redio wa Marekani wa maoni ya kihafidhina, zimepangwa kama hati ya mashtaka: alisema hili, alimtukana yule, akafa. Msomaji wa Mwanza au Mombasa anafika mwisho akiwa na orodha ya matusi, na bado hajui kwa nini mtu huyo alidumu hewani zaidi ya miaka 30. Jibu liko kwenye biashara ya redio yake, na asiyeijua hiyo biashara huipima vibaya karibu kila kashfa anayoigusa.

Kwa hiyo anza na redio yenyewe. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 stesheni za AM za Marekani zilikuwa hoi. Muziki ulishahamia FM, ambako sauti ni safi, na wenye AM walibaki na mitambo, leseni na saa za mchana zisizokuwa na cha kuzijaza. Tarehe 1 Agosti 1988 Limbaugh, aliyekuwa amejijengea jina katika stesheni ya KFBK ya Sacramento, California, tangu 1984, akaanza kurushwa kitaifa kutoka New York kwa satelaiti. Aliyemsambaza alikuwa Ed McLaughlin, mzoefu wa redio. Mpango wao ulikuwa mwepesi: stesheni ndogo haikutoa fedha, ilitoa dakika. Katika kila saa, sehemu ya dakika za matangazo ya biashara ilikuwa ya McLaughlin kuuza kitaifa, na zilizobaki stesheni iliwauzia wafanyabiashara wa mji wake. Walianza na stesheni 56. Baadaye, zilipozidi 600, kibao kikageuka: stesheni zilitoa dakika na kulipa ada juu yake. Mkataba wa 2008 na kampuni ya Premiere uliripotiwa kuwa wa dola milioni 400 kwa miaka minane.

Sasa angalia nani hayupo katika mpango huo. Hayupo mhariri. Hayupo mtu wa upande wa pili aliyeketi naye mezani. Kuna saa tatu, siku tano kwa wiki, mtu mmoja na maikrofoni, rundo la makaratasi mbele yake, na simu chache za wasikilizaji zilizochujwa kabla hazijaingia hewani. Waliokuwa na uwezo wa kumbana walikuwa wawili: stesheni iliyomchukua na mdhamini aliyenunua dakika. Yeye mwenyewe hakulificha hilo. Alikuwa akisema hewani kwamba kazi yake ni kukusanya wasikilizaji wengi kadiri iwezekanavyo na kuwatoza wenye matangazo bei ya kukamua.

Ndiyo maana kila kashfa ina swali la kwanza: aliyasema wapi, na nani alikuwa akilipia? Chukua Septemba 2003. Televisheni ya michezo ya ESPN ilikuwa imemwajiri mwaka huo kwenye kipindi chake cha mpira wa Kimarekani. Akasema Donovan McNabb, aliyekuwa akiiongoza Philadelphia Eagles uwanjani, anasifiwa kupita uwezo wake kwa sababu vyombo vya habari vinatamani mchezaji mweusi afanikiwe katika nafasi hiyo. Ndani ya siku chache alikuwa amejiuzulu. Kwenye redio yake alikuwa ameshasema makali kuliko hayo bila kupoteza hata saa moja. ESPN alikuwa mgeni katika kipindi cha watu wengine, chenye watazamaji waliokuja kuangalia mpira. Ukiyaweka matukio hayo mawili bega kwa bega, msomaji anaelewa jambo ambalo orodha ya kashfa ishirini isingemwonyesha.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika kwamba Limbaugh alizaliwa na kufutwa kwa kanuni ya usawa. Kanuni hiyo, iliyokuwepo tangu 1949, ilizitaka stesheni zijadili masuala yenye ubishi na kuzipa nafasi pande zinazopingana. Tume ya mawasiliano, FCC, iliifuta Agosti 1987. Kufutwa kulirahisisha mambo sana, kwa sababu mwenye stesheni hakuhitaji tena kumtafutia Limbaugh mpinzani wa kujaza saa nyingine tatu. Lakini Sacramento alianza miaka mitatu kabla, kanuni ikiwa hai. Andika kwamba kufutwa kulifungua soko la kitaifa. Zaidi ya hapo unatia chumvi.

Kuhusu takwimu za wasikilizaji, kuwa mwangalifu. Utakutana na milioni 15, milioni 20, na zaidi. Yote hayo ni makadirio, na ni ya wiki nzima: aliyesikiliza dakika chache Jumanne akiwa garini naye amehesabiwa. Ukiandika "wasikilizaji milioni 20 kila siku" umebadilisha maana kabisa, na kosa hilo limezagaa.

Kabla hujanukuu chochote, tafuta kipindi chenyewe. Tovuti yake ilikuwa ikiweka nakala za maandishi za vipindi, na mashirika yaliyompinga yalikuwa yakikata vipande vya sauti kila siku. Chukua vyote viwili uvilinganishe. Kipande kinakupa lafudhi na kicheko, ambavyo maandishi huviua. Maandishi yanakupa dakika kumi za kabla na kumi za baada, ambazo kipande huzificha. Kipindi kilianza saa 6 mchana kwa saa za New York. Kwa Nairobi na Dar es Salaam hiyo ni saa 1 usiku wakati Marekani imesogeza saa mbele, na saa 2 usiku majira yao ya baridi. Ukikuta taarifa ya asubuhi yetu inayodai "amesema leo", jua ni maneno ya jana usiku.

Umuhimu wa kusikiliza kipindi kizima unaonekana vizuri zaidi kwenye tukio linalotugusa sisi, na ajabu ni kwamba waandishi wetu wengi hulipita. Ijumaa ya tarehe 14 Oktoba 2011, Rais Obama alilijulisha Bunge la Marekani kwamba ametuma askari wapatao 100 Uganda na nchi jirani, wakawe washauri wa majeshi yanayomsaka Joseph Kony na waasi wake wa LRA (Lord's Resistance Army, yaani Jeshi la Upinzani la Bwana). Siku hiyohiyo Limbaugh akawaambia wasikilizaji kwamba LRA ni Wakristo, wanapigana na Waislamu wa Sudan, na kwamba Obama ametuma askari wakaue Wakristo. Akasoma hewani malengo ya kundi hilo kama kundi lenyewe linavyojieleza: kuondoa udikteta, kukomesha uonevu.

Usiishie kuandika "alikosea". Kosa hili lina tabaka, na kila tabaka linaonyesha jinsi kipindi kilivyokuwa kikitengenezwa. La kwanza ni jina: neno "Bwana" ndani ya jina la kundi lilichukuliwa kuwa cheti cha ubatizo. La pili ni chanzo: malengo aliyosoma ni yale ambayo muasi yeyote hujiandikia. La tatu ndilo zito. Serikali ya Khartoum, aliyoifanya adui wa Kony, ndiyo iliyokuwa ikimpa Kony silaha na maficho kuanzia miaka ya 1990, kwa sababu Museveni alikuwa akiwasaidia waasi wa kusini mwa Sudan. Na watu waliotekwa na kukatwa midomo na masikio kaskazini mwa Uganda walikuwa kwa sehemu kubwa Waacholi, kabila la Kony mwenyewe, wengi wao Wakristo. Mahakama ya ICC ilikuwa imeshatoa hati za kumkamata Kony na makamanda wake wanne tangu 2005.

Kuna tabaka moja zaidi la kisiasa. Sheria iliyoitaka serikali ya Marekani ishughulike na LRA ilitiwa saini Mei 2010, na waliokuwa wameiunga mkono ni pamoja na maseneta wahafidhina wa Republican, chama kile kile alichokipigania Limbaugh; James Inhofe wa Oklahoma alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo hakuwa akimpinga Obama peke yake. Alikuwa akipinga, bila kujua, kazi ya watu wake.

Halafu, kabla kipindi hakijaisha, alisema ameambiwa kwamba kundi hilo linatuhumiwa kuteka watoto, kutesa na kuua, kwamba yeye na watu wake wamelisikia siku hiyo tu, na kwamba watalifanyia uchunguzi. Mpinzani wake hukata kipande kabla ya hapo. Mtetezi wake huanzia hapo. Wewe weka vyote, pamoja na mpangilio wake: tuhuma kwanza, utafiti baadaye. Mtu anayezungumza saa tatu bila andiko na bila mhariri atafanya hivyo tena na tena.

Tuje kwenye tafsiri, maana huku ndiko tunakoharibu sisi wenyewe, bila msaada wa Mmarekani yeyote.

Januari 2009, siku chache kabla Obama hajaapishwa, Limbaugh alisema kuhusu rais mpya maneno ambayo wengi wetu tuliyaandika "natumaini atashindwa". Kwa Kiswahili, mwanasiasa "akishindwa" tunawaza kura, na Obama alikuwa ameshashinda. "Natumaini hatafanikiwa" ndiyo sahihi. Ongeza pia alichokieleza papo hapo: kwamba haafiki sera zake, hivyo hawezi kumtakia afanikiwe kuzitekeleza. Unaweza kuona ni maneno ya chuki au ni upinzani wa kawaida, lakini msomaji apewe sentensi nzima aamue.

Kwa Sandra Fluke shida ni kinyume chake: Kiswahili kinabana mno. Fluke alikuwa mwanafunzi wa sheria wa Georgetown. Februari 2012 aliwaeleza wabunge wa Democratic kwa nini bima ya afya ya wanafunzi inapaswa kugharamia dawa za uzazi wa mpango, na akatoa mfano wa rafiki yake aliyezihitaji kwa uvimbe wa ovari. Limbaugh alimshambulia siku tatu mfululizo kwa maneno mawili. La kwanza linasema mwanamke ni mwepesi wa kulala na wanaume. La pili linasema anauza mwili. Mfasiri mvivu anayamaliza yote kwa "malaya", na hapo hoja imepotea, kwa sababu neno la pili ndilo lililobeba shambulio: eti anataka alipwe ili afanye ngono. Tumia "malaya" kwa la kwanza na "kahaba" kwa la pili. Kisha eleza uongo ulipo: bima ile haikuwa fedha ya serikali, wanafunzi ndio walioilipia.

Tarehe 3 Machi aliomba radhi kwa maandishi, akisema alichagua maneno vibaya. Hoja yenyewe hakuifuta. Na sasa rudi kwenye dakika: makampuni mengi yaliondoa matangazo yao, mengine yakatoa agizo la jumla kwamba yasiwekwe kwenye kipindi chake. Radhi ilikuja wadhamini wakiwa wameshaanza kuondoka. Hiyo haithibitishi kwamba haikuwa ya dhati, ila usiache kuzitaja tarehe.

Jina la kazi yake nalo litakusumbua. "Mchambuzi" ni neno la heshima kupita kiasi; kwetu mchambuzi ni yule anayeitwa studioni baada ya matokeo, anakaa katikati. "Mwandishi wa habari" si kweli kabisa. "Mtangazaji wa maoni ya kihafidhina" ni refu, lakini halidanganyi. Na "mhafidhina" mwenyewe lifafanue mara moja: kodi ndogo, serikali ndogo, kupinga utoaji mimba, haki ya kumiliki bunduki. Usipofanya hivyo msomaji atadhani unamzungumzia mzee anayekataza suruali kwa mabinti.

Katika habari ya vidonge, chunga lugha ya mahakama. Oktoba 2003 alikiri hewani kwamba amekuwa mraibu wa dawa za maumivu, akaenda kutibiwa. Mwaka 2006 alijisalimisha Palm Beach akikabiliwa na shtaka moja la kupata dawa kwa madaktari zaidi ya mmoja bila kuwaarifu. Alikana. Makubaliano yakawa kwamba shtaka lifutwe baada ya miezi 18 akiendelea na matibabu, na alipe dola 30,000 za gharama za uchunguzi. Ukiandika "alipatikana na hatia" umesema uongo. Unafiki unaweza kuuonyesha bila kosa hilo, kwa kuwa mwaka 1995 alisema kwenye kipindi chake cha televisheni kwamba wanaotumia dawa za kulevya wahukumiwe na wafungwe. Na usisahau utamu wa kesi yenyewe: ACLU, shirika la kutetea haki za raia ambalo alilikejeli miaka yote, lilijitokeza mahakamani kutetea siri ya kumbukumbu zake za matibabu.

Mengine yanatosha kwa mistari miwili mitatu: alivyomwigiza mwaka 2006 Michael J. Fox, mwigizaji wa filamu mwenye ugonjwa wa Parkinson, na kudai anatikisika kwa sababu hajanywa dawa au anajifanya, wakati mitikisiko ile huletwa na dawa zenyewe za Parkinson. Nishani aliyovishwa mbele ya Bunge tarehe 4 Februari 2020. Na Februari hiyohiyo, aliposema korona ni mafua ya kawaida.

Alikufa tarehe 17 Februari 2021, kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 70. Alikuwa mvutaji aliyepuuza hatari za tumbaku, kwa hiyo jiandae na maoni ya "malipo ni hapa hapa duniani" chini ya chapisho lako. Usiyatangulize wewe kwenye makala.

Saa zile tatu ziliendelea kujazwa. Kwa miezi kadhaa zilirushwa rekodi zake za zamani, huku watangazaji wengine wakiziunganisha, hadi Juni 2021 Clay Travis na Buck Sexton walipokabidhiwa nafasi. Basi ukipata sauti yake iliyorushwa kati ya Februari na Juni 2021, usiipe tarehe ya kurushwa kabla hujajua ilirekodiwa lini.