Nimelegea mapaja na mabega, unga wa baridi yabisi unanipa nafuu: niendelee nao?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 43, ni mkulima wa korosho huku Tandahimba. Ni mwezi wa tano sasa tangu hali hii ianze: nikikaa mkekani siinuki mpaka nishike nguzo, na ndoo ya maji siifikishi kichwani. Kope zimevimba na kuwa nyeusi. Nilipimwa damu nikaambiwa ini lina tatizo. Jirani akaniletea unga wa baridi yabisi kutoka mnadani. Siku ya tatu nikachangamka, ila nikiuacha narudi palepale. Niendelee nao?

Jibu: Marahaba, mama. Usiutegemee unga huo kuwa tiba, lakini pia usiukatishe ghafla kabla ya kuonana na daktari, na umwone wiki hii.

Unayoyaeleza hayafanani na baridi yabisi, ambayo huvimbisha viungo na kuvikakamaza. Wewe umepungukiwa nguvu katika misuli mikubwa ya nyonga na mabega, na kope zimebadilika rangi. Kwa mwenye ngozi nyeusi, usitarajie wekundu: huwa ni weusi wenye zambarau kwenye kope, pamoja na mabaka yaliyoinuka juu ya vifundo vya vidole. Itazame mikono yako juani. Nashuku dermatomayositisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia misuli na ngozi ya mwenyewe, na kwa kuwa mara nyingi maumivu yake ni madogo, wengi huchelewa kuja.

Kuhusu ini, AST na ALT, yaani vimeng'enya vinavyopimwa kujua hali ya ini, vimo pia ndani ya misuli, hivyo misuli ikiharibika navyo hupanda katika damu. Omba upimwe CK, ambayo ni kimeng'enya cha misuli, na GGT, kimeng'enya cha ini ambacho hakitoki kwenye misuli. Upimwe pia potasiamu, tezi ya shingo na VVU. Huenda ikabidi kukatwa kipande kidogo cha msuli kwa uchunguzi, kwa rufaa. Kwa mtu mzima tunatafuta pia saratani iliyojificha, kwa sababu ugonjwa huu wakati mwingine hufuatana nayo.

Sasa huo unga. Karibu kila wiki mgonjwa huniambia, "Lakini daktari, ulinisaidia," na neno hilo hunisikitisha kuliko ugonjwa wenyewe. Unga unaomchangamsha mgonjwa kwa siku tatu naushuku kuwa umetiwa deksamethasoni au prednisoloni, dawa za steroidi zinazotuliza uvimbe na kinga ya mwili. Sisi pia huitumia prednisoloni, lakini kwa kipimo cha uzito, mara nyingi miligramu 0.5 hadi 1 kwa kila kilo kwa siku, kisha tunapunguza taratibu kwa miezi kadhaa huku tukiongeza dawa nyingine za kutuliza kinga, azathioprini au methotreksati. Hata hivyo, nguvu ya msuli hurejea kwa wiki na miezi, wala si kwa siku tatu. Ulichokipata ni uchangamfu tu. Dawa hizo hizo zikitumiwa bila kipimo hudhoofisha mapaja, yaani zinaleta udhaifu ule ule ulioukimbia, na hupandisha sukari, hupunguza uimara wa mifupa na huamsha kifua kikuu kilicholala. Zikishatumika kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake, na ukizikata ghafla presha inaweza kushuka hadi kuzimia. Njoo na pakiti yenyewe, hata kama haina maandishi.

Wauzaji wa unga huo hawakuulizi umri, uzito wala presha, nao hawatakuwapo utakaposhindwa kumeza. Wengine huukanda kwa kitambaa cha moto na kuuchanja chale msuli wowote unaouma. Nimempokea kijana aliyekandwa paja kwa siku nane. Nilipoligusa lilikuwa gumu kama ubao na la moto, ngozi ya juu ikiwa haijabadilika, na ndani tulikuta usaha. Hiyo ni payomayositisi, bakteria ndani ya msuli, na tiba yake ni kupasua, kutoa usaha na antibaiotiki. Kukanda hakuuondoi usaha huo, na kila siku ya kungoja huwapa bakteria nafasi ya kuingia katika damu.

Maji yakianza kukupalia, sauti ikitokea puani, pumzi ikikatika au mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, usingoje siku ya kliniki: nenda hospitali siku hiyo hiyo, iwe Ligula, Ndanda au iliyo karibu nawe zaidi.