Mchoro wa jukwaa unawezaje kuwa utafiti?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma sanaa za maonyesho hapa Bagamoyo, upande wa usanifu wa jukwaa. Swali la mradi wangu wa mwisho ni: "Wapagazi wa misafara waliishi vipi Bagamoyo karne ya 19?" Nilipanga kulijibu kwa michoro na maleba, yaani mavazi ya jukwaani. Msimamizi kalirudisha, anasema hilo ni la historia na michoro yangu ni mapambo tu. Nirekebishe wapi?
Mwanafunzi, Dunda

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako ana haki, hata kama kakata kauli kwa ukali. Swali hilo linajibika maktaba bila kushika penseli, na ukishalijibu huko mchoro hauna kazi tena. Tafuta jambo lisilojulikana mpaka kitu kiwekwe jukwaani na mtu akitazame.

Chukua mzigo. Mpagazi alitoka pwani na kama frasila mbili, zaidi kidogo ya kilo 30, za merikani (kitambaa cha pamba kisichopaushwa), shanga au nyaya za shaba, akatembea miezi hadi Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, wengine hadi Ujiji. Safari ya kurudi ilikuwa ya pembe za ndovu. Hayo yote yameshaandikwa. Sasa jiulize: mtazamaji atauonaje uzito ule kama mbebaji mwenyewe hayupo jukwaani? Hapo hata mwanahistoria atakuachia nafasi.

Anza na kisanduku cha kadibodi kwa skeli ya 1:25, kila mita ya jukwaa iwe sentimita 4. Mwigizaji wako atafika kama sentimita 7. Kisanduku kitakuonyesha nafasi na mistari ya macho, yaani mtazamaji wa kila kiti anaona nini, lakini uzito hakitakuonyesha, kwa hiyo usikae nacho sana. Nenda ukumbini. Viringisha kitambaa cha aina ya merikani kiwe mtumba, yaani furushi la mzigo, ukitundike kwa kamba usawa wa bega. Ukijaza sponji, kamba inabaki imenyooka na mtumba unayumba kila feni ikizunguka. Ukijaza mchanga, kamba inavutika, fundo linajikaza, mtumba unatulia. Fanya yote mawili, kwa makundi tofauti ya watazamaji, na usiguse kitu kingine: taa zilezile, maneno yaleyale, mahali palepale. Ukibadilisha na taa hapohapo hutajua kilichofanya kazi ni kipi.

Halafu waulize "Umeona nini?" Usiwaulize kama wamependa, watakujibu kwa adabu. Wakisema wameona nguo zimeanikwa, liandike hivyohivyo. Wanafunzi wengi huchora kitu ambacho hakiwezi kuwakatalia, na hapo ndipo utafiti unapokufa.

Neno la pembeni: minyororo iache kwanza. Kila mchezo kuhusu Bagamoyo ya kale lazima ukutane na mnyororo ukutani, kana kwamba kila aliyepita na msafara alikuwa mtumwa. Watumwa walipita hapa, kweli, lakini wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu wa ujira, waliodai posho na kuweza kugoma. Ukiutundika mnyororo, watazamaji wameshapata jibu kabla hujauliza.

Ukitaka mfano wa nje, mtazame Caspar Neher, msanifu wa Kijerumani aliyefanya kazi na mwandishi wa tamthilia Bertolt Brecht. Alichora watu wakiwa katikati ya vitendo, nani kasimama karibu na nani, na mazoezi yakaanzia kwenye michoro hiyo. Mchoro wake ulikuwa pendekezo la kujaribiwa na waigizaji.

Weka daftari. Kila mchoro uwe na tarehe, jambo ulilobadilisha, na walichosema watazamaji kwa maneno yao. Picha zipigwe kutoka kiti kilekile. Wakati wa kuandika ripoti, michoro uliyoikataa usiirundike kwenye viambatisho. Iweke ndani ya sura, kando ya aya inayoeleza kwa nini uliiacha, maana mtahini atauliza hiyo kwanza.