Usiuze filamu yako, ikodishe

Juzi nimepata ujumbe wa kijana wa Makambako. Wana kikundi cha maigizo, wamechanga hela, na swali lake ni moja: kaka, tununue kamera gani? Nimemjibu kwa ufupi, ila jibu kamili nimeona niliandike hapa, maana najua wengi mnaonisoma mnataka kuwa na kampuni yenu ya filamu na tamthilia huku huku Nyanda za Juu Kusini, bila kuhamia Dar.

Mdogo wangu, kamera unakodi. Wapiga picha za harusi wanazo, na katikati ya wiki zinakaa tu ndani, bei mtaelewana. Hiyo hela mliyochanga mpelekeeni wakili awaandikie mikataba.

Nasema haya wakati tamthilia yetu ndiyo kwanza imeanza kuonyeshwa kwenye king'amuzi. Tumeishuti Tukuyu na Uyole, waigizaji karibu wote ni wa hapa, na kuna bibi anayeongea Kinyakyusa kitupu, tukamwekea maandishi chini. Nikipita Mwanjelwa watu wananisimamisha kuniuliza mbele itakuwaje. Ninajivunia, na nina haki ya kujivunia. Lakini walipoipenda kule kituoni, hakuna aliyeuliza tulitumia kamera gani. Waliuliza usajili wa kampuni kule BRELA, namba ya mlipakodi, kibali cha Bodi ya Filamu, mkataba wa mwandishi, mkataba wa kila mwigizaji, na ruhusa ya kila wimbo unaosikika. Hata kwaya iliyoimba kwenye harusi ya kipande cha tatu. Mwenyekiti wa kwaya alikuwa amesaini siku ile ile ya kushuti, kabla hawajapanda gari kurudi kwao. Tulituma kila kitu bila kumtafuta mtu.

Kwa nini niko mkali hivi kwenye makaratasi? Filamu yangu ya kwanza niliitoa enzi za DVD. Njia ilikuwa moja: basi la alfajiri, unaingia Dar usiku, kesho yake uko Kariakoo na masta yako, yaani nakala mama ya filamu, mkononi. Msambazaji aliitazama robo saa, akatoa karatasi ya ukurasa mmoja. Haki zote, milele, malipo mara moja. Wakati ule hakukuwa na mlango mwingine wa kupitia. Leo filamu ile iko YouTube, matangazo yanapita juu yake, na mimi na wenzangu hatuoni hata senti. Mama aliyeigiza shangazi alifiwa na mumewe, akanipigia kuuliza kama kuna chochote cha kwake, maana watoto wake wanamwona kwenye simu kila siku. Nilinyamaza kwenye simu. Bado inaniuma, na wala sitaki iache kuniuma.

Mwenye shamba la viazi Uporoto hakuuzii shamba kwa sababu wewe unataka kulima msimu mmoja. Anakukodisha, unavuna, unamrudishia ardhi yake. Filamu nayo ni hivyo hivyo. Mnunuzi akija, muulize anaitaka kwa miaka mingapi. Muulize ni kwa king'amuzi tu au na intaneti, ni Tanzania tu au na Kenya. Muulize kama mwingine haruhusiwi kuionyesha wakati anayo yeye, na kama haruhusiwi, basi alipie zaidi. Kila jibu liandikwe.

Kwenye tamthilia hii, mkataba wa kwanza tulioletewa na kituo ulikuwa na maneno yale yale ya Kariakoo, haki zote. Tuliukataa. Wenzangu walininunia, maana tulikuwa tunadaiwa mafuta ya jenereta na chakula cha lokesheni. Kituo kikarudi na masharti mengine: wanaionyesha kwa muda maalumu, intaneti inabaki kwetu.

Vijana, someni. Hakimiliki inazaliwa pale kazi inapotengenezwa. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi, na mkasajili, lakini kazi ilikuwa yenu hata kabla ya hapo. Sheria ipo tangu 1999. Tatizo letu ni kwamba tunakesha tukijifunza kuediti, halafu tunasaini bila kusoma kwa sababu tuna njaa. Usisaini siku uliyopewa karatasi. Nenda nayo nyumbani, mpe wakili, mpe hata mwalimu wako wa zamani, lakini isomwe. Msambazaji anayekataa karatasi yake isomwe, huyo mkimbie. Mungu alikupa kipaji, hakukupa ili mtu mwingine akile.

Vibali sitavichambua sana: Bodi ya Filamu kwanza, kisha barua kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri na kwa mtendaji wa kijiji, na kwenye hifadhi ya taifa kama Kitulo ni TANAPA, wanaosimamia hifadhi hizo.

Halafu anza na mwandishi wako. Watu wa kikundi hutunga hadithi pamoja, kila mtu anachangia, na siku ya hela kila mtu anasema hadithi ni yake. Kabla hamjashuti chochote, kaeni na aliyeandika skripti, aipe kampuni haki ya kuitengeneza, na ndani yake iandikwe atalipwa nini sasa na asilimia ngapi kazi ikikodishwa tena. Waigizaji vivyo hivyo. Mama yule shangazi yumo kwenye sizini ya pili ya tamthilia yetu, na asilimia yake iko kwenye kipengele cha nne cha mkataba wake.